Manusura wa Saratani Akijibu "Shida", Nani Anasoma?

Kila wiki, kwa mwaka mzima, watu 273 waliokuwa wameanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu nchini Kenya walipokea kwenye simu zao neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki, na aliyenyamaza alipigiwa pia. Ujumbe haukutaja dawa, haukutaja ugonjwa, wala haukumhimiza mtu kufuata masharti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Kati ya waliotumiwa neno hilo, asilimia 62 walikuwa wakimeza dawa zao ipasavyo, wakati katika kundi lililopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Na waliofanikiwa kufubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Nimeanza na UKIMWI ingawa ninachotaka kuzungumzia ni saratani, kwa sababu wazo la kuwatumia watu waliomaliza matibabu ya saratani jumbe fupi za kuwahimiza wafanye mazoezi, wale vizuri, waache sigara na pombe na wasikatize dawa limeshajaribiwa katika nchi kadhaa, na sina shaka kwamba litazidi kupata nguvu hapa kwetu Tanzania. Ni wazo ninalolipenda. Simu imeshafika mahali ambapo daktari bingwa wa saratani hatafika kwa miaka mingi ijayo, na meseji inaingia hata kwenye kitochi kisicho na intaneti. Hofu yangu ni kwamba tutachukua sehemu rahisi ya wazo hili, yaani kutuma, tukaacha sehemu iliyofanya kazi, yaani kusubiri jibu na kulishughulikia.

Tuwatazame kwanza watu wenyewe. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 mwaka 2020, na vifo karibu 27,000. Namba hizo zinatisha, na ndizo zinazonukuliwa kila mwaka tunapoadhimisha siku ya saratani. Lakini nyuma yake wapo maelfu ambao hawakufa: wanawake waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti, wanaume waliotibiwa tezi dume, watoto ambao leo wako shuleni. Tunawaita manusura, na neno hilo lina uzito wake, kwa kuwa aliyenusuriwa ametolewa kwenye hatari na mwingine. Hakujitoa peke yake. Ajabu ni kwamba siku anayoitwa manusura ndiyo siku mkono uliomnusuru unapomwachia. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana katika hospitali ya Ocean Road peke yake, kabla hospitali ya Bugando ya Mwanza haijaanza kuitoa, kwa hiyo mgonjwa wa mkoani alikaa Dar es Salaam wiki nyingi akichomwa mionzi, kisha akapewa kadi yenye tarehe ya kurudi, akapanda basi. Kati ya basi hilo na tarehe ile ya kurudi ndipo mazoea yote tunayotaka kuyajenga yanapojengwa au kuvunjika, na hapo hakuna mtu.

Mama yangu mdogo alipita njia hiyo. Alitolewa titi pamoja na tezi za kwapani, akamaliza dripu zake na mionzi, na siku ya kuruhusiwa hospitalini aliambiwa jambo moja kuhusu mkono wa upande ule: asibebe kitu kizito. Hakuelezwa kizito ni kiasi gani, wala kwa muda gani. Yeye ni mtu wa kutii maagizo, akayatii. Kwa miezi minne hakubeba ndoo, hakutwanga, hakusonga ugali wa watu wengi, na binti yake wa mwisho akawa anachelewa shule kwa sababu ya kuteka maji. Mkono haukuvimba sana, ila ulikuwa dhaifu na mkavu kama wa mtu aliyefungwa plasta. Siku moja aliniuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana mvivu, kama ni kweli hataweza tena kubeba ndoo mpaka afe.

Jibu lilikuwepo zamani. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilishaanza kuvimba baada ya matibabu ya saratani ya matiti. Nusu yao walifundishwa kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kuuongeza taratibu. Baada ya mwaka mmoja uvimbe wao haukuwa umezidi kuliko wa wenzao, na vipindi vya mkono kuumuka ghafla vilikuwa vichache kwao kuliko kwa wale wasionyanyua. Yaani mkono ule unahitaji kazi, mradi kazi ipande ngazi kwa ngazi na mtu awe anauangalia. Anza na kidumu cha lita tatu, kaa nacho wiki mbili, uone mkono unasemaje, kisha uongeze. Mama mdogo angeweza kufanya hivyo tangu mwezi wa kwanza, kama angeambiwa.

Sasa nijiulize: kama angekuwa ameandikishwa katika huduma ya meseji, angepata nini? Angepata, kwa uwezekano mkubwa, ujumbe unaosema afanye mazoezi kwa dakika 30 angalau siku tano za wiki, kwa sababu huo ndio muhtasari wa mwongozo wa kimataifa wa dakika 150 kwa wiki, nao ni mwongozo sahihi. Angeusoma, angekumbuka alivyokatazwa, na angeamua kwamba haumhusu. Na pengine angeshangaa, kwa kuwa mwanamke anayetembea nusu saa kwenda shambani na nusu saa kurudi huwa hajui kwamba hilo linahesabika kuwa mazoezi, wala hakuna aliyemwambia. Lakini ujumbe unaouliza "Mkono ukoje wiki hii?" ungemtoa swali lake siku ya nane badala ya mwezi wa nne.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wengi wanaolipenda wazo hili kama ninavyolipenda mimi. Wao hudhani kwamba kinachomzuia manusura ni kutojua au kusahau, na dawa yake ni kumwelimisha na kumkumbusha. Ushahidi tulio nao unaonyesha vingine.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani ulioongozwa na Dawn Hershman. Wanawake 724 waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza homoni baada ya saratani ya matiti waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilitumiwa jumbe mbili kila wiki kwa miezi 36, zikiwaeleza faida ya dawa, zikiwapa mbinu za kuimeza na kuwatia moyo. Kundi jingine halikutumiwa. Miaka mitatu ya jumbe. Walipopimwa kwa kipimo kikali cha mkojo, walioonekana kukosea dawa wakati fulani walikuwa asilimia 81.9 katika kundi la jumbe na asilimia 85.6 katika kundi lisilo na jumbe, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba kazi hii itahitaji msaada unaomlenga mtu mmojammoja na unaodumu. Sishangai. Vidonge hivyo vinajulikana kwa kuumiza viungo na kuleta joto kali la ghafla mwilini, na mwanamke anayeacha kidonge kwa sababu magoti yanamkataa asubuhi hajasahau chochote. Ukimkumbusha mara mbili kwa wiki unamkumbusha maumivu yake.

Ni haki niseme pia kwamba upo utafiti uliokwenda upande mwingine kidogo. Jijini Sydney, Australia, wanawake 160 waliomaliza matibabu ya saratani ya matiti walishiriki katika jaribio la jumbe nne kwa wiki kwa miezi sita, kuhusu afya ya mwili, chakula, hisia na dawa. Kwenye lengo kuu la utafiti, ambalo lilikuwa kujiamini katika kuisimamia afya yao, makundi mawili hayakutofautiana. Lakini waliopata jumbe waliruka vidonge vya homoni mara chache zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo meseji ya kawaida haikosi faida kabisa. Inaweza kumsaidia mtu ambaye njia yake ni nyeupe na anahitaji kusukumwa kidogo. Kosa ni kuitumia kama ndiyo huduma yenyewe kwa mtu ambaye njia yake imefungwa.

Na upo utafiti mwingine ambao natamani kila anayepanga bajeti ya huduma za manusura ausome kwa makini, hasa pale unapoeleza kundi la kulinganisha. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio liitwalo CHALLENGE, lililowafuatilia watu 889 waliopasuliwa saratani ya utumbo mpana na kumaliza dawa. Nusu walipewa programu ya mazoezi ya miaka mitatu yenye msimamizi: mtu wa kukutana naye, kupanga naye, kumweleza ulishindwa nini wiki iliyopita. Baada ya miaka mitano, asilimia 80.3 ya hao walikuwa hai bila saratani kurudi, dhidi ya asilimia 73.9 ya kundi jingine. Na baada ya miaka minane, waliokuwa hai walikuwa asilimia 90.3 dhidi ya 83.2. Ni matokeo makubwa, ya kiwango ambacho tumezoea kukisikia kwa dawa za bei ya kutisha. Lakini kundi jingine halikuachwa bure. Nalo lilipewa maelezo ya maandishi kuhusu faida ya mazoezi na chakula bora. Kilicholeta tofauti, basi, hakikuwa kujua kwamba mazoezi ni mazuri, kwa kuwa pande zote mbili zilijua. Tofauti ilikuwa mtu. Na ujumbe mfupi unaohubiri mazoezi ni kijitabu kile kile kilichokatwa vipande na kuingizwa kwenye simu.

Hatuna watu wa kumpa kila manusura msimamizi wake wa mazoezi kwa miaka mitatu, hilo naliona. Ndiyo maana "Mambo?" inanivutia: ni njia ya kuchuja, ili mtu mmoja tuliye naye amfikie yule anayemhitaji leo. Katika utafiti wa Kenya waliojibu "Shida" kila wiki walikuwa wachache sana ukilinganisha na waliojibu "Sawa". Muuguzi hakuhitaji kuwapigia wote. Wagonjwa wenyewe walimpangia foleni.

Hapa nyumbani tumeshafanya majaribio yanayohusiana na saratani moja kwa moja, ingawa yalihusu uchunguzi na si maisha baada ya matibabu, na yanafundisha jambo ambalo utafiti wa Marekani na Australia hauwezi kutufundisha, yaani nauli. Katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, wanawake walihimizwa kwa meseji waende kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Katika kundi ambalo halikupata mfululizo huo wa jumbe, asilimia 4.3 walikwenda. Waliopata jumbe, asilimia 12.9. Waliopata jumbe pamoja na vocha ya kielektroniki ya nauli, asilimia 18. Jumbe peke yake zilifanya kazi, na nisingependa kulificha hilo, kwa sababu kwenda kupimwa ni tendo la siku moja na msukumo mmoja unaweza kutosha. Lakini nauli iliongeza watu ambao hakuna maneno yangewaongeza. Katika jaribio jingine, wanawake wa Tanzania ambao tayari walikuwa wamekutwa na virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, walitumiwa jumbe za elimu na za kuwakumbusha warudi kwa uchunguzi wa pili. Jumbe hizo hazikuwa na nafasi ya kujibu. Waliorudi walikuwa takriban mmoja kati ya wanne, katika kundi la jumbe na katika kundi lisilo na jumbe vilevile. Hawa walikuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kurudi. Bila njia ya kujibu, hatukusikia kutoka kwao wenyewe, wakati ule ule, walikwamia wapi.

Unguja nayo ina lake la kusema. Katika jaribio la wajawazito 2,550 kwenye vituo 24 vya afya, kundi moja lilipewa jumbe na pia vocha ya muda wa maongezi ili waweze kumpigia mhudumu wao, na jingine likapata huduma ya kawaida. Waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60 dhidi ya 47. Wanawake wa mjini walinufaika sana. Wa vijijini hawakuonyesha tofauti ya maana. Nikiisoma ramani hiyo kwa ajili ya manusura wa saratani, naona kwamba simu huongeza nguvu ya huduma iliyo karibu. Pale ambapo hakuna kituo cha kumpokea mwenye shida, mlio wa meseji hauna pa kumpeleka. Kwa hiyo kabla ya kuandika ujumbe wa kwanza lazima ijulikane "Shida" ya mtu wa Kasulu itamalizwa na nani Kasulu, na si kumwambia tu aje Dar es Salaam.

Niseme sasa kuhusu maneno yenyewe, maana hapa ndipo huduma nyingi hufa kimyakimya. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, na Kiswahili chetu kina vitenzi virefu. Mtu akitafsiri kutoka lugha nyingine hujikuta ametumia nafasi yote kusema "inashauriwa kwamba manusura wajitahidi kuzingatia mlo kamili", na aliyepokea hajaambiwa apike nini. Mwandishi wa jumbe hizi awe mtu anayejua kwamba mchicha, dagaa, maharage na unga wa dona vinapatikana sokoni, na kwamba kumwambia mwanamke wa Manyoni ale matunda ya Ulaya ni kumwambia kwamba hatupo naye.

Tena ushauri wa chakula hauwezi kuwa mmoja kwa wote. Wanawake wengi waliotibiwa saratani ya matiti huongezeka uzito, na kwao kupunguza mafuta na sukari ni ushauri wa maana. Lakini Afrika Mashariki ina wagonjwa wengi wa saratani ya umio, na aliyetibiwa umio anapigania kila kijiko kishuke. Anahitaji uji mzito wenye karanga na maziwa, mara sita kwa siku ikiwezekana. Ujumbe wa kumpongeza mtu kwa kupungua uzito ukiingia kwenye simu ya huyu wa pili unamdhuru. Orodha moja ya jumbe kwa "manusura wa saratani" wote ni hatari kwa sababu hiyo, na yeyote anayeuza mfumo wa namna hiyo kwa hospitali aulizwe swali hili mapema.

Yapo mambo ambayo meseji inaweza kuyasema vizuri kuliko mdomo. Wanawake waliochomwa mionzi ya mlango wa kizazi mara nyingi hupata mabadiliko ukeni, njia hubana na kukauka, tendo la ndoa likawa mateso, na yapo mazoezi na vifaa vya kuzuia hali hiyo isizidi. Ni wangapi huulizwa? Kwenye foleni ya kliniki, mbele ya muuguzi aliye na umri wa mwanawe, mama wa miaka 55 hatalisema hilo. Wapo pia wanaorudi nyumbani wakiamini kwamba mionzi ya mashine imebaki mwilini na itawadhuru wajukuu, wakawa wanalala chumba cha peke yao na kukataa kupakata mtoto. Mionzi inayotoka kwenye mashine ya nje haibaki mwilini. Sentensi hiyo moja, ikitumwa wiki ya kwanza na ikitoka kwa mtu anayeaminika, ingerudisha watoto wengi kwenye mapaja ya bibi zao.

Lakini itoke kwa mtu anayeaminika, na hilo si jepesi tena. Nchi hii imechoka na meseji. Nani hajawahi kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii"? Matangazo ya kamari, ya mikopo na ya waganga yanamwagika kwenye simu kila siku, na watu wamejifunza kufuta bila kusoma. Meseji ya hospitali inayotoka kwenye namba ngeni, ikimtaja mtu kwa jina na kujua kwamba anaumwa, inafanana kabisa na utapeli. Kwa hiyo mgonjwa aandikishwe ana kwa ana kabla hajaondoka wodini, ujumbe wa kwanza upokelewe mbele ya muuguzi yule yule atakayekuwa anampigia, namba ihifadhiwe papo hapo kwa jina analolichagua mwenyewe, na aambiwe kwa kinywa kwamba huduma hii haitamwomba fedha hata siku moja. Kujibu kuwe bure. Huduma ya meseji kwa wajawazito iliyoanza Tanzania mwaka 2012 chini ya kampeni ya Wazazi Nipendeni ilitumia namba fupi isiyotoza mtumiaji, kwa hiyo njia hiyo inajulikana na mitandao ya simu inaweza kuikubali.

Halafu simu yenyewe ni ya nani? Katika nyumba nyingi simu inashikwa na mume, au inaachwa kwa jirani mwenye umeme ikichajiwa, au mtoto ndiye anayesoma kwa sauti. Wapo wanawake ambao hawajamwambia mtu yeyote kijijini kwamba walichokwenda kutibiwa mjini ni saratani, kwa sababu wanajua mazungumzo yatakayofuata kuhusu uchawi, au kuhusu mume kuoa mwingine. Ujumbe unaotaja "saratani" au "titi" kwenye kioo cha simu unaweza kuvunja kile ambacho tiba ilikiokoa. Ndiyo maana hata "Mkono ukoje wiki hii?" niliyoitaja hapo juu sharti mwenyewe aikubali kwanza. Uzuri wa "Mambo?" ni kwamba yeyote akiisoma haambulii kitu. Inafanana na salamu ya rafiki. Mama wa makamo angependa zaidi "Habari za wiki hii, Mama? Jibu SAWA au SHIDA", na mzee wa tezi dume angestahili "Shikamoo Mzee" kabla ya lolote, kwa sababu meseji isiyo na adabu inajulikana mara moja kwamba imetoka kwenye mashine.

Mara ngapi? Kuhusu hilo pia Kenya imetufundisha. Katika utafiti mwingine wa dawa za UKIMWI, uliofanyika kituo cha afya cha Chulaimbo na kuchapishwa mwaka 2011, watu waliokumbushwa mara moja kwa wiki walimeza dawa vizuri zaidi kuliko wasiokumbushwa, lakini waliokumbushwa kila siku hawakuonyesha faida hiyo. Kuongeza maneno ya kutia moyo kwenye ujumbe mfupi hakukuufanya uwe na nguvu zaidi. Najua wapangaji wa huduma hupenda kuonyesha wafadhili idadi kubwa ya jumbe zilizotumwa, ila kila siku inageuka kelele, na kelele mtu huzizoea.

Nitapingwa kwa hoja moja yenye nguvu, kwamba wauguzi wetu wamezidiwa. Muuguzi wa kliniki ya saratani anayehudumia foleni ya asubuhi hadi alasiri atampigia nani, na kwa salio la nani? Hoja hii ni ya kweli na sitaipunguza. Lakini iangaliwe bajeti ya kawaida ya mradi wa meseji: mfumo wa kompyuta, mkataba na kampuni ya simu, mshauri wa kuandika jumbe, semina ya uzinduzi, fulana. Mshahara wa nusu siku kwa wiki wa muuguzi mmoja na vocha ya kupigia simu huwa ndivyo vinavyokatwa kwanza, wakati ndivyo mradi wenyewe. Wagonjwa 300 wakiulizwa kila wiki, na kumi tu wakajibu "Shida", hizo ni simu kumi. Wanaonyamaza ni wengi zaidi, lakini wanaweza kufuatiliwa na mtu asiye muuguzi, hata manusura mwenzao aliyefundishwa na kulipwa, ambaye kazi yake ni kujua tu kama laini imebadilishwa, simu imeharibika, au mtu amezidiwa. Wanaonyamaza wiki tatu mfululizo ndio wa kuhofia kuliko wote. Katika kliniki ya makaratasi hao huonekana baada ya mwaka, jalada likiwa limeandikwa "hakurudi".

Kuna jambo moja dogo la mwisho ambalo lisipopangwa litabomoa imani yote iliyojengwa. Meseji ya "Shida" haingoji saa za kazi. Itaingia Ijumaa saa nne usiku, kutoka kwa mwanamke aliyechomwa mionzi ya mlango wa kizazi miezi mitano iliyopita na ameona damu. Mfumo utakaomjibu "Asante kwa ujumbe wako" ni bora usiwepo. Jibu la kwanza, hata kama linatumwa na kompyuta, liseme ukweli wenye kazi: kwamba atapigiwa Jumatatu kabla ya saa sita mchana, na kwamba kama damu ni nyingi, au ana homa, au hawezi kukojoa, asisubiri simu hiyo bali aende usiku huu hospitali ya wilaya na kadi yake ya kliniki. Jina la hospitali hiyo liwe limeshaandikwa kwenye ujumbe, kwa kila mgonjwa kulingana na anakoishi, tangu siku alipoandikishwa. Na Jumatatu kabla ya saa sita, simu yake iite.